Mgonjwa wa saratani hatibiwi kwa dawa pekee

Mkaaji wa Bute anapoambiwa na daktari kwamba ana saratani, swali linalotangulia nyumbani ni mnyama yupi atakayeuzwa. Haishangazi. Kutoka mji huo wa Wajir Kaskazini hadi Garissa, penye kituo cha saratani cha eneo zima la Kaskazini Mashariki, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Nauli yataka fedha, malazi yataka fedha, na vipimo vyataka fedha. Katika dhiki hiyo, hata ngamia anayekamwa huweza kupelekwa sokoni.

Hapa ndipo pana msiba usiotajwa. Anayemuuza ngamia huyo ili mgonjwa apate dawa, ameuza pia chakula ambacho kingemwezesha kuzistahimili dawa hizo.

Ni vyema walimu na wanafunzi waelewe sababu. Dawa za saratani huziua chembe za mwili zinazogawanyika upesi, ziwe za ugonjwa au ziwe nzima. Kwa hiyo utando wa kinywa huota vidonda, tumbo huchafuka, ladha hupotea, na chembe nyeupe za damu zinazopambana na maradhi hupungua. Naye mwenye saratani ya umio, maradhi yanayowasumbua Wakenya wengi, huenda akashindwa kumeza hata tonge. Mgonjwa akikonda kupita kiasi, daktari hulazimika kupunguza dawa au kuahirisha tiba, na ugonjwa hupata nafasi ya kusonga mbele.

Lishe ifaayo haihitaji vyakula vya madukani vyenye majina makubwa. Maziwa, mayai, maharagwe yaliyopondwa, na nyama iliyochemshwa ikalainika, hujenga mwili. Uji mwepesi uliotiwa maziwa na samli humfaa asiyeweza kutafuna. Apewe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, wala asilazimishwe kumaliza sinia. Chakula kilichopoa kidogo humwepusha na harufu inayochochea kichefuchefu.

Lakini yapo mazoea yapasayo kuachwa kwa muda. Wafugaji wengi hupenda maziwa ya ngamia yakiwa mabichi, wakiamini kwamba moto huyaondolea nguvu. Maziwa hayo huweza kubeba vimelea vya bruselosisi, na mtu ambaye kinga yake imepunguzwa na dawa hana budi kunywa yaliyochemshwa. Vilevile chai isinywewe ikifuka moto. Mwaka 2016, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 yamkini husababisha saratani ya umio. Na mwezi wa Ramadhani unapofika, ikumbukwe kuwa dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga.

Serikali nayo ina deni. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hulipia matibabu kwa viwango vilivyowekwa. Haijazi kibuyu cha maziwa. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kati ya 2020 na 2022, kufyeka mifugo ya eneo hili, ziko jamaa zisizo na mnyama wa kukama wala wa kuuza. Wakati umefika kwa serikali za kaunti kuuhesabu unga wa lishe kuwa sehemu ya tiba, na kuupeleka hadi zahanati iliyo karibu na mgonjwa.

Mwanafunzi wa Bute ana wajibu usio mdogo. Mara nyingi yeye ndiye anayeisoma karatasi ya hospitali nyumbani na kuwafasiria wazee kwa Kiborana au Kisomali. Mwalimu na amfunze maana ya lishe barabara, ili siku wazee watakapokaa kuamua ni mnyama yupi auzwe, apatikane mmoja wa kuwaambia kwa adabu: huyu anayekamwa na abaki.