Usingoje ichuje ndipo utafute mrithi!

Washikaji, eti mashine ya gemu ya mkononi itafutiwe mrithi lini? Ikishachuja? Thubutu! Waulizeni wakulima wa kahawa kule Mbinga. Mche wa leo unaanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu. Anayengoja mibuni izeeke ndipo apande mingine, imekula kwake.

Nintendo wanalijua hilo. Game Boy Advance ilitoka 2001. Mwaka 2004, ikiwa bado inauzika, wakashusha DS. Sony je? PlayStation Vita ya 2011 ilikoma kutengenezwa 2019, mrithi hayupo. Mashabiki wakaachwa solemba.

Nawe mwenye kibanda cha gemu pale Mbamba Bay, anza kudunduliza ya mashine mpya sasa, wateja wangali wanapanga foleni.