Jiwe, singa na rangi ya baiskeli

Pongwe, nje kidogo ya jiji la Tanga kwenye barabara ya kwenda Muheza, inajulikana kwa saruji ya Simba. Jiwe la chokaa lipo tele hapa, na mkonge hauko mbali. Vitu hivi tumezoea kuvihesabu kwa tani na magunia. Macho ya msanii hayajavifikia vya kutosha, na hilo linaniuma.

Chukua mkonge. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuleta pwani hii mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikokwe, Pangani. Kata jani moja, ondoa mwiba wa nchani, kisha liparuze kwa kisu butu juu ya ubao. Maji yake ya kijani yanawasha, kwa hiyo kinga mikono. Nyama ikiisha unabaki na nyuzi ndefu, ndizo singa. Zisuuze, uzianike, uzichane. Kilo mia moja za majani hutoa kama kilo nne tu za singa, lakini singa hiyo inashika rangi vizuri na inasukika utakavyo. Hata vipande vifupi vinavyotupwa vinafaa kuwa brashi, au nywele za kinyago.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga aliyafahamu mashamba ya mkonge. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Tanga kufanya kazi kwenye mkonge kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, hakusubiri turubai. Alitumia mbao za dari na rangi za baiskeli, vitu vya dukani ambavyo fundi yeyote angevipata. Kwangu mimi, huo ndio ujasiri wenyewe: rangi ile nzito, inayokauka iking'aa, ndiyo iliyowapa chui na ndege wake mng'ao tunaoutambua hadi leo. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, na mtindo mzima ukabaki na jina lake.

Wahenga wa pwani hii nao walishageuza vitu vya kawaida kuwa sanaa, kwa jiwe. Nenda Tongoni, kusini mwa jiji, utazame makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa ya kuchoma karne nyingi zilizopita. Waashi walipachika humo mabakuli ya kauri kutoka China. Chombo cha mezani kikawa pambo la marehemu. Mengi yameshang'olewa, ila vishimo vya mviringo vilivyoyashika bado vinaonekana ukisogea karibu.

Basi mwalimu wa sanaa wa Pongwe asiye na bajeti ya rangi ana pa kuanzia. Jiwe la chokaa lililotwangwa na kuchekechwa ni rangi nyeupe, mkaa ni nyeusi, udongo wa shambani ni nyekundu. Uji wa unga wa muhogo utazishikisha rangi hizo kwenye ubao, na brashi ni kitita cha singa kilichofungwa kwenye kijiti. Somo linaweza kuanza Jumatatu.