Je, Wajua? Mtu wa Luapula katika bunge la Salisbury

Je, wajua kwamba Luapula, mkoa wa Zambia wenye wilaya ya Nchelenge na kituo cha wakimbizi cha Kenani, uliwahi kumtoa mbunge aliyekaa Salisbury, Harare ya leo? Ni Dauti Yamba, mwalimu mkuu wa shule huko Luanshya, mji wa shaba.

Je, wajua kwamba siasa aliianza kwenye vyama vya ustawi wa Waafrika? Mwaka 1946 vyama hivyo viliungana na Yamba akawa kiongozi wao. Miaka 2 baadaye umoja huo ukawa chama cha siasa, na humo ndimo alimopitia Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia.

Bunge la Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, lililoanza 1953, lilikuwa na viti 35. Waafrika je? Sita tu, wawili kwa kila moja ya nchi zake tatu. Yamba na mwenzake Mateyo Kakumbi, wawakilishi wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), hawakupigiwa kura na raia wa kawaida, bali na Baraza la Uwakilishi la Waafrika.

Je, wajua kwamba enzi hizo Mwafrika hakuingia kwenye bucha la Mzungu? Alisimama nje, akapokea nyama kupitia kidirisha, tena iliyokwisha kufungwa, bila kuichagua. Mwanzoni mwa 1954 watu wa Lusaka waligomea mabucha hayo. Julai mwaka uleule Yamba akapeleka hoja bungeni: watu wa rangi zote wahudumiwe sawa mahali pa umma, na sheria isimamie. Waziri Mkuu Godfrey Huggins, daktari wa upasuaji kwa taaluma, alijibu kwamba Mzungu hawezi kutarajiwa apange foleni na watu wachafu. Hoja ikaangushwa. Kwa maoni yangu, jibu lile liliwafungua macho Waafrika wengi kuliko hotuba yoyote ya kuupinga ule Ushirikiano wa rangi uliohubiriwa na watawala wa Shirikisho.

Si Yamba peke yake aliyekwama bungeni. Marekani nako? Abraham Lincoln, mtoto wa mkulima wa Kentucky, alikaa katika Baraza la Wawakilishi kipindi kimoja tu, 1847 hadi 1849. Januari 1849 alitangaza kwamba angeleta muswada wa kukomesha utumwa Washington. Waliomuunga mkono wakamkimbia, muswada ukafia mfukoni. Miaka 13 baadaye, Aprili 1862, akiwa rais, alitia saini sheria iliyoukomesha mjini humo.

Mpelelezi David Livingstone alipoliona Ziwa Mweru, hapa Luapula, Novemba 1867, Lincoln alikuwa amekufa miaka 2 iliyopita. Huku kwetu misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilikuwa bado inapita.

Tukirudi kwa Yamba, Shirikisho lenyewe lilivunjwa 31 Desemba 1963. Zambia ikajitawala 24 Oktoba 1964.

Kenani ni kijana tu: kituo kilifunguliwa 2017 kuwapokea wakimbizi kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika huko Kongo. Ukiwa na mwana anayesoma hapa, muulize Yamba alikuwa nani. Akishindwa, mwambie wewe.