Mkia wa Nyangumi Mbele ya Msimbati

Kusi likianza kulegea, kati ya Agosti na Oktoba, bahari ya Msimbati na Ruvula, mkoani Mtwara, hupata wageni waliotoka kwenye barafu. Ni nyangumi wenye nundu. Hujishibisha Antaktika kwa vidudu vya baharini mfano wa uduvi, kisha hupanda kaskazini maelfu ya kilomita kuja kuzaa katika maji yetu ya vuguvugu.

Sisi watu wa Kusini tumezoea kuambiwa kwamba anayetaka kupiga picha za wanyama aende Serengeti. Aje Mtwara pia. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba zipatazo 650 za matumbawe, mikoko na fukwe ambako kasa hutaga, na mtoni wamo viboko na mamba.

Wengi hungoja nyangumi aruke. Picha hiyo inapendeza, lakini mimi naithamini zaidi ile ya mkia. Tafuta kwanza mvuke unaopanda juu ya maji. Atapumua mara kadhaa, kisha atakunja mgongo kuliko mwanzo. Hapo kamera iwe tayari jichoni, kasi 1/1000 ya sekunde, maana anazama kina kirefu na mkia utainuka wote. Upande wake wa chini una mabaka meusi na meupe yasiyofanana na ya nyangumi mwingine yeyote. Kwa mabaka hayo watafiti hutambua kwamba huyu wa hapa ndiye aliyeonekana mwaka jana, au kwenye bahari nyingine kabisa. Kijana wa Msimbati mwenye lenzi ndefu anaweza kuchangia elimu hiyo, na ningefurahi sana kuona vijana wetu wakianza.

Ukitoka na boti, kaa mbali, mita 100 au zaidi, utoe gia, na kamwe usipite kati ya mama na mtoto. Wawindaji walikaribia kuwamaliza nyangumi hawa kabla hawajalindwa kusini mwa dunia mwaka 1963. Mama huwa hali karibu chochote muda wote awapo huku, akinyonyesha kwa akiba ya mwili wake. Akikimbizwa na mashine, mtoto hukosa kunyonya, na maziwa hayo ndiyo yanayomjengea mafuta ya kustahimili baridi ya kusini.