Kuhifadhi Lahajedwali kwa Muundo wa Zamani bila Kupoteza Makro
Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, awe Lushoto mjini, Soni au Mlalo, huweza kulazimika kufungua hesabu za mikopo kwenye kompyuta yenye Excel 2003. Tunamshauri ahifadhi kwanza nakala ya faili asilia, kisha achague muundo wa .xls, unaotunza makro, yaani amri zinazojiendesha, muundo wa.xlsx huziondoa. Azingatie kuwa .xls hubeba mistari 65,536 tu kwa kila ukurasa, inayozidi hupotea. Aidha, makro inayotegemea amri zisizokuwamo katika Excel 2003 itakwama. Hivyo, akokotoe upya riba ya wanachama kadhaa na kuilinganisha na faili asilia. Tofauti yoyote irekebishwe kabla mwanachama hajadaiwa asichokopa.