Kuvuka Busia na Mchumba: Karatasi Kwanza, Safari Baadaye



Katika mashamba ya miwa na ya chai, na katika viwanda vya Jinja, watu wa Uganda na wa Kenya wamefanya kazi bega kwa bega tangu wakati wa ukoloni. Wanaofanya kazi pamoja hujuana, na wanaojuana huoana. Hilo ni jambo la heri. Lakini siku wawili hao wanapoamua kwenda kukaa kwa mmoja wao, hapo ndipo wanapogundua kwamba mpaka upo na sheria ipo.

Tuchukue mfano. Dada ni raia wa Uganda, kazi yake ni kufungasha sukari kiwandani. Mchumba wake ni fundi wa mitambo, raia wa Kenya, na mkataba wake hapa umekwisha. Wanataka kwenda kukaa Bungoma. Wenzao wanawaambia: "Vukeni tu, mambo ya uhamiaji mtayatengeneza mkishafika." Je, shauri hilo ni jema? Sisi tunasema kuvuka si kosa, ila kuvuka bila kupanga kunaweza kumponza dada huyu miaka mingi baadaye. Tueleze kwa nini.

MLANGO UKO WAZI, LAKINI KWA MGENI

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa itifaki hiyo raia wa nchi mwanachama huingia nchi nyingine bila viza, na mpakani hupewa ruhusa ya kukaa isiyozidi miezi sita. Tangu 2014, Uganda, Kenya na Rwanda zimekubali raia wao wavuke hata kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo wengi hudhani hakuna tena la kuomba.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Ruhusa ya mpakani ni ya matembezi. Haimpi mtu haki ya kuhamia, wala ya kuajiriwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya uhamiaji haisemi hivyo: mwenye muhuri wa matembezi hapewi jembe hata siku ya mia moja. Kwa sheria ya Kenya ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, anayekaa au kufanya kazi bila kibali aweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000 za Kenya, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Tusisahau pia kwamba mlango uliofunguliwa waweza kufungwa. Mwaka 1970 serikali ya Uganda ya wakati huo iliwaondoa wafanyakazi kutoka Kenya wanaokadiriwa kuwa 30,000. Si vigumu kufikiri hali ya nyumba ambayo mume alikuwa wa kule na mke wa huku. Siku kama hiyo, mwenye karatasi ana la kusema, na asiye nazo hana.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUVUKA

Kwanza, ndoa iandikishwe. Afisa wa uhamiaji hapimi mapenzi wala haulizi mmekaa pamoja miaka mingapi. Anauliza cheti. Hapa Uganda kukaa nyumba moja hakuwi ndoa hata mkikaa miaka ishirini. Mkioana kwa mila, mahari ikalipwa na wazee wakakubali, sheria ya kuandikisha ndoa za kimila ya mwaka 1973 inawataka mfike kwa msajili katika muda usiozidi miezi sita, pamoja na mashahidi wasiopungua wawili. Msajili huyo yuko gombolola, na kwa walio mjini yuko kwenye ofisi ya karani wa mji. Ni kazi ya siku moja mkiwa bado hapa. Mkishahamia Bungoma, kuwarudisha mashahidi na wazee gombolola ni gharama ambayo mshahara wetu hauiwezi.

Pili, dada apate pasipoti. Kitambulisho cha taifa chatosha kwenda kusalimia wakwe, lakini maombi ya kibali cha kukaa Kenya yanataka nakala ya pasipoti.

Tatu, mdhamini awe tayari. Katika maombi haya mwombaji si mgeni peke yake. Mume raia ndiye anayeandika barua kusema, "Huyu ni mke wangu, namtegemeza." Basi kitambulisho chake kiwe sahihi, na jina lililo kwenye kitambulisho liwe lile lile lililo kwenye cheti cha ndoa. Kama aliandikwa Wafula kwenye cheti, na kwenye kitambulisho ni Barasa, asahihishe kabla ya safari. Na ikiwa mdhamini si raia bali naye ni mfanyakazi mgeni, kibali chake mwenyewe kiwe hai kwanza. Mtu aliyekaa kwa muhuri uliokwisha hawezi kumdhamini mwingine.

Nne, dada asiondoke kazini kwa kutoroka. Atoe notisi: kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano hutoa notisi ya mwezi mmoja, na aliyefanya miaka mitano hadi kumi hutoa miezi miwili. Adai barua ya kuthibitisha utumishi wake. Afike na NSSF aulize masharti ya malipo kwa mwanachama anayehama nchi moja kwa moja. Fedha hizo ni jasho lake.

SIKU YA KUVUKA

Pale Busia na Malaba ofisi za nchi mbili sasa ziko chini ya paa moja. Ukitoka Uganda unavuka hadi jengo la upande wa Kenya. Humo afisa wa Uganda anakugongea muhuri wa kutoka, na wa Kenya anakugongea wa kuingia. Pita hapo. Njia za panya zipo, na kijana wa boda boda anaweza kukuvusha kwa dakika chache bila kuulizwa neno. Lakini muhuri huo ndio ukurasa wa kwanza wa faili lako. Asiye nao ataulizwa: "Uliingia lini, na kwa njia gani?" Jibu la kweli litamtia hatiani, na jibu la uongo litaharibu kila ombi atakaloandika baadaye.

Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, sema kweli. Kusema "nakwenda kumtembelea mume wangu, na tunakusudia kuomba kibali" si kosa. Kosa ni kusema unakwenda sokoni siku mbili, kisha baada ya mwezi mmoja ukaomba kukaa kama mke. Maneno yako ya mpakani na ya kwenye fomu yakikinzana, afisa ana haki ya kushuku kwamba ndoa ni ya kununua karatasi, na ndoa ya namna hiyo sheria haiitambui katika uraia.

UKISHAFIKA

Hesabu siku zako tangu tarehe ya muhuri, na ombi liingie zikiwa bado zipo. Linaloombwa ni pasi ya mtegemezi. Siku hizi maombi hufanywa kwa intaneti. Asiyejua kompyuta amwombe mtu anayemwamini, si dalali anayedai "ada ya ndani". Mgeni atakayekaa zaidi ya siku 90 hana budi pia kujiandikisha kama mgeni.

Pasi ya mtegemezi ni ya kukaa, si ya kuajiriwa. Dada akipata kazi, aombewe kibali cha kazi. Kwa itifaki ile ile, mwenye mkataba unaozidi siku 90 huomba katika siku 15 za kazi tangu mkataba ufanywe.

Jambo hili linatuhusu sisi sote wa chama. Mama asiye na kibali akichukuliwa kuchuma chai, mwajiri anajua hatalalamika. Atalipwa chini ya kiwango, na akiumia hatakwenda ofisini. Kisha jirani yake mwenye kibali ataambiwa: "Huyu anakubali kidogo, wewe waringa nini?" Hivyo udhaifu wa mmoja unashusha mshahara wa shamba zima.

HAKI ZINAZOKUJA NA MIAKA

Baada ya miaka mitatu ya ndoa, mke au mume wa raia wa Kenya aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Baada ya miaka saba, Katiba ya mwaka 2010 inampa haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia, na uraia huo haupotei kwa sababu ya talaka. Wako wanaosema bado kwamba mwanamke wa Kenya hawezi kumpatia mume mgeni uraia. Hiyo ilikuwa katiba ya zamani. Tangu 2010 mume na mke wako sawa katika hilo. Na mtoto ambaye baba au mama yake ni raia wa Kenya ni raia kwa kuzaliwa, hata akizaliwa hospitali ya Jinja; wazazi wahifadhi cheti chake cha kuzaliwa.

Lakini miaka hiyo huhesabiwa kwa vyeti. Mdhamini akifariki au akamwacha mwenzake kabla karatasi hazijakaa sawa, anayebaki ugenini mikono mitupu ni yule aliyeacha kazi na kwao akamfuata.

Basi, ndugu, mwanachama anayekusudia kuhama na mwenzi wake amwone katibu wa tawi kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Tutaangalia vyeti pamoja, tutasoma majina pamoja, na tutahesabu siku pamoja.