Je, Wajua? Sura Moja, Picha Thelathini

Je, wajua kwamba picha ya bibi harusi anayeonekana waziwazi, huku miembe yote ya Koboko nyuma yake ikiwa ukungu mtupu, inaweza kuwa picha thelathini zilizounganishwa? Mbinu hiyo imepewa jina la Ryan Brenizer, mpiga picha za harusi wa New York aliyeieneza.

Je, wajua kwamba siri yake ni ukubwa? Eneo linalonasa mwanga likipanuka, nyuma ya mtu hufifia zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1870, Mwaustria Richard Buchta alipiga picha kwa vioo vya kunasia mwanga katika nchi za Nile ya juu. Anayeunganisha picha leo anajitengenezea kioo kikubwa kwa kamera ndogo.

Hesabu yake ni hii: lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8, ukiunganisha hadi upana uwe mara tatu, hutoa picha ya lenzi ya milimita 28 yenye f/0.6. Hata zile lenzi za Zeiss za f/0.7 zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, ambazo mwongozaji Stanley Kubrick alizitumia kupiga filamu ya Barry Lyndon kwa mwanga wa mishumaa, hazifiki hapo.

Je, wajua kwamba ukungu wa picha za simu ni wa kukisia? Kuza picha utazame kandokando ya nywele zilizosukwa: nyuzi nyingine zimeliwa, nyingine zimebaki na kipande cha ukuta.

Kwa kazi yenyewe, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei rahisi, inatosha. Fokasi, mwanga na rangi vyote viweke kwa mkono na usiviguse tena. Anza na mtu: uso wote uingie katika picha moja, usikatwe katikati, kisha kiwiliwili na miguu, upesi, akiwa ametulia. Akishamaliza kupigwa anaweza hata kupumua. Zungusha kamera papo hapo ulipo, ukinasa miti, njia na anga. Kila picha ilalie jirani yake kwa theluthi moja, na penye ukungu mwingi izidi, kwa kuwa programu ya kuunganisha hukosa alama za kushikia. Kompyuta ikiwa dhaifu, punguza ukubwa wa picha kwanza.

Je, wajua kwamba Arua jua hufika utosini karibu saa saba mchana, wala si saa sita? Saa hiyo macho ya mteja huzama kivulini. Mpe miadi ya saa kumi na mbili jioni.

Na huko Gulu, mpiga picha Martina Bacigalupo alikusanya picha za Gulu Real Art Studio zilizokatwa uso kwa ajili ya vitambulisho. Kitabu chake kilitoka 2013. Nguo, mikono na kiti vilibaki, mtu hayupo.

Mpiga picha wa Arua, mpe mteja wako uso wake pamoja na mahali pake. Hugin, programu ya kuunganisha, haiuzwi: ni bure.